Lori limesimama foleni, je, dereva amepumzika?

Na Mwandishi Wetu, Gisenyi

MFANYABIASHARA anayepitisha mzigo Gisenyi kwenda Goma huhesabu ushuru, mafuta na malipo ya wakala wa forodha. Ni nadra kuhesabu saa ya chakula ya dereva, utingo na karani. Hata hivyo, gharama hiyo ipo, na huonekana siku ya madai au siku ya ajali.

Sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018, iliyorekebishwa mwaka 2023, inaweka kikomo cha saa 40 kwa wiki. Awali zilikuwa 45. Ratiba ya kazi na mapumziko ya kila siku hupangwa na mwajiri, na mapumziko hayo hayahesabiwi kuwa saa za kazi. Aidha, mfanyakazi ana haki ya kupumzika angalau saa 24 mfululizo kila wiki.

Tuchukue mfano wa karani wa wakala anayeingia saa 2 asubuhi na kutoka saa 11 jioni, siku tano kwa wiki, akipewa saa moja ya chakula. Saa zake ni 40 kamili. Lakini akila huku anapokea hati za madereva na kujibu simu, hapo hajapumzika. Kwa hesabu hiyo wiki yake ina saa 45, na kazi ya ziada inahitaji makubaliano.

Kwa dereva, hesabu ni ngumu zaidi. Lori linalotoka Dar es Salaam kupitia Rusumo huweza kuwa na dereva aliyeajiriwa Tanzania. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa 5 apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60. Mwajiri halazimiki kuyalipia, isipokuwa kama amemtaka mfanyakazi afanye kazi au awepo kazini muda huo.

Hapo ndipo penye ubishi. Mwenye lori huona gari limesimama mpakani, akasema dereva kapumzika. Dereva naye analinda mzigo, anashika hati na kusogeza gari kila foleni inaposonga. Aliyeambiwa asiliache lori yuko kazini.

Kenya hairuhusu dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24. Kipimo hicho huhesabu uendeshaji tu, si foleni. Mkataba namba 153 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1979 unatazama yote mawili: mapumziko baada ya saa 4 za kuendesha, au saa 5 za kazi mfululizo.

Kwa wasafirishaji, dawa si ngumu. Muda wa mapumziko uandikwe kwenye mkataba, saa za foleni ziandikwe kwenye daftari la safari, na utingo ashike zamu ya kulinda mzigo dereva anapokula na kulala. Gharama ya zamu hiyo iingizwe kwenye bei ya safari tangu mwanzo, kwani dereva aliyekesha mpakani ndiye huyo huyo atakayerudi na lori kwenye miteremko ya barabara ya Musanze.