Kabla ya Kuomba Mashine Nyingine, Tuwakutanishe Mafundi

KUTOKA KAYANGA
Na Adela Kokwijuka

Mwaka 2010 mhandisi Robert Malkin wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, na mwenzake Keane walichapisha utafiti ambao kila diwani wa Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, angefaa kuwa nao mkononi anapoingia kwenye kikao cha bajeti. Walichambua vifaa tiba 2,529 vilivyokuwa vimesimama kazi katika hospitali 60 zenye uwezo mdogo, katika nchi 11. Wahandisi na wanafunzi wa uhandisi walijaribu kuvitengeneza kwa vitu vinavyopatikana palepale. Vifaa 1,821, yaani asilimia 72, vilirudi kazini bila kuagiza kipuri hata kimoja ng'ambo.

Ukiuliza vilikuwa na ugonjwa gani, jibu linachoma. Robo ya vilivyopona vilihitaji tu kufungwa ipasavyo, au mtumiaji aelekezwe namna ya kuvitumia. Asilimia 19 ilikuwa kazi ya mabomba na mipira. Umeme wa kawaida asilimia 18, sehemu za kimakanika asilimia 18, mfumo wa kuingizia umeme asilimia 14, mota asilimia 5. Stadi 107 za msingi zilitosha kufufua theluthi mbili ya vifaa, na nyingi kati ya hizo kijana mwenye akili anaweza kufundishwa bila kwenda chuo kikuu.

Sisi huku tumezoea wimbo mwingine: mashine imekufa, vipuri hakuna, tuwaandikie wafadhili. Mashine mpya inakuja, tunapiga picha, mwaka haujaisha nayo imeingia stoo. Hoja yangu wiki hii ni kwamba kinachotukosesha huduma zaidi ya vipuri ni upweke wa mafundi wetu.

Tazama ramani. Nyakahanga ni hospitali teule iliyo chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri (KKKT). Nyakaiga na Isingiro nazo ni hospitali za mashirika ya dini. Halmashauri zina hospitali, vituo vya afya na zahanati zake. Tangu Kyerwa ilipojitenga na Karagwe mwaka 2012, kila upande una bajeti yake, mganga mkuu wake na fundi wake, kama anaye. Huyo fundi sanifu vifaa tiba, aliyesoma DIT au Chuo cha Ufundi Arusha akajua otoklevu ya kutakasia vifaa inavyopandisha presha na konsentreta inavyotenga oksijeni na hewa, akifika kazini anageuzwa fundi wa kila kitu. Balbu ya wodini ikiungua anaitwa yeye. Choo kikiziba, yeye. Jenereta ikigoma, yeye. Mashine ya dawa ya usingizi inasubiri zamu yake.

Daktari akikwama na mgonjwa ana mwenzake wa kumuuliza, au anampigia aliyesoma naye. Muuguzi ana matroni. Fundi wa vifaa tiba akifungua mashine asiyowahi kuiona, mara nyingi hakuna mtu ndani ya kuta zile anayeelewa hata swali lake. Hospitali ya rufaa ya Bugando iko Mwanza, usiku mzima kwa meli kutoka Bukoba. Anafunga tena kifuniko, anaandika "mbovu", mashine inakwenda stoo. Pengine mwenzake wa hospitali ya pili, mwendo wa bodaboda tu, aliwahi kutibu ugonjwa uleule kwa gasketi ya shilingi elfu chache. Hawakuwahi kukutanishwa.

Karagwe haikuwa hivi kwa mafundi wake. Hazina ya kifalme ya Bweranyange ilikuwa na nyundo na ng'ombe waliofuliwa kwa chuma, na mfalme Ndagara anakumbukwa kama mhunzi. Wasafiri wa Uingereza, Speke na Grant, walipofika kwa mwanawe Rumanyika mwaka 1861, waliikuta nchi ambayo chuma na enzi vilikaa chumba kimoja. Leo anayefufua mashine ya kumsaidia mtoto kupumua anakaa kibanda cha nyuma ya jiko la hospitali, na kwenye vikao vya menejimenti haitwi.

Mkoa wetu una shida yake ya ziada, umeme. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya Kagera imetegemea umeme unaotoka Uganda, nje ya gridi ya taifa, na kila mwenye friji Omurushaka anajua umeme ukicheza unaacha nini. Mashine ya hospitali haina ngozi ngumu kuliko friji. Bila stebilaiza, kurudi kwa umeme baada ya kukatika kunaweza kuunguza bodi ya shilingi milioni kadhaa. Ongeza mashine za msaada zilizotengenezewa volti 110 za Marekani: ukizichomeka kwenye volti 230 bila transfoma, zinakufa siku hiyohiyo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa misaada ya vifaa mwaka 2000, likautoa upya mwaka 2011. Mwongozo huo unamtaka mtoaji aulize kwanza mahitaji, atazame umeme wa mahali, na atume kitabu cha matengenezo pamoja na vipuri. Tatizo ni kwamba mwongozo hausomwi na anayepokea. Mtu wa kuusoma ni fundi, naye haulizwi mpaka kontena limefika.

Tufanye nini? Ninayopendekeza hayahitaji mfadhili.

La kwanza, daftari moja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mafundi wa hospitali na vituo vyote vya wilaya hizi mbili, vya Serikali na vya dini, waorodheshe kila kifaa: aina, mwaka, kinafanya kazi au kimesimama, na kama kimesimama, kinakosa nini. Orodha hiyo ikikaa mezani pamoja, itaonekana kwamba mashine mbili za aina moja zilizolala hospitali mbili tofauti zinaweza kuzaa moja nzima.

La pili, siku moja kila mwezi mafundi wakutane, mwezi huu Kayanga, mwezi ujao Rubwera au Nkwenda kule Kyerwa. Kila mmoja aje na kifaa kilichomshinda. Wakifungue pamoja, waandike walichokiona. Nauli na chakula cha watu wachache havifiki gharama ya semina moja ya hotelini. Siku hiyohiyo wamwalike muuguzi mmoja kutoka kila kituo, kwa sababu robo ile ya Malkin iko mikononi mwa watumiaji. Kila mashine ibandikwe karatasi ya Kiswahili: unawasha vipi, unaosha chujio lini, ukisikia mlio huu zima uite fundi. Vitabu vya watengenezaji ni vinene na vya Kiingereza, na aghalabu vimebaki kwenye ofisi ya mtu aliyehama.

Vitabu vyenyewe siku hizi vinapatikana. Mei 2020, wakati wa korona, kampuni ya iFixit ya Marekani ilifungua bure hifadhi ya miongozo ya matengenezo zaidi ya 13,000, iliyopangwa kwa msaada wa wakutubi waliojitolea. Fundi mwenye simu na bando anaifikia akiwa Murongo, mpakani na Uganda. Anachokosa ni mwenzake wa kusoma naye na saa iliyotengwa kwa kazi hiyo.

La tatu, ghala dogo la pamoja la vitu vinavyoisha: fyuzi, gasketi, vichujio, betri, mipira, balbu za darubini. Hili tumekwisha kulifanya kwenye dawa. Mfumo wa mshitiri, Jazia, ulianza Dodoma mwaka 2014 na kusambazwa nchini kuanzia 2018. Dawa ikikosekana Bohari ya Dawa, vituo vya mkoa vinaunganisha mahitaji yao na kununua kwa msambazaji mmoja aliyethibitishwa. Kama tunaweza kuunganisha oda za dawa, gasketi za otoklevu zitushinde nini? Na tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo. Kamati za vituo zinaweza kukubaliana kutenga sehemu ndogo kwa matengenezo kinga bila kusubiri barua ya Dodoma.

La nne, tutazame ng'ambo ya Mto Kagera, Uganda. Mbarara iko karibu na Murongo kuliko ilivyo Mwanza, na chuo kikuu chake cha sayansi na teknolojia kinafundisha uhandisi wa vifaa tiba. Uganda ina karakana kuu ya Wizara ya Afya huko Wabigalo, Kampala, na karakana za kanda, mojawapo Kabale. Wataalamu wake wana chama chao, UNAMHE, kama Kenya walivyo na AMEK. Mtambo wa umeme wa Kikagati na Murongo ulijengwa kwa makubaliano ya nchi mbili kugawana umeme wa Mto Kagera. Mafundi wetu nao wanaweza kuvuka na maswali yao, warudi na majibu.

Wapo watakaosema nachochea ubabaishaji, kwamba mashine ya hospitali si redio ya kufunguliwa na yeyote. Wana haki kwa kiasi. Eksirei iko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki na haiguswi na asiye na idhini. Mashine ya usingizi na ya kupumulia zinataka mtu aliyefundishwa na vipimo vya kuhakiki baada ya matengenezo. Lakini huo ndio utetezi mkubwa wa mafundi kuwa pamoja. Fundi aliye peke yake ndiye anayebahatisha, kwa kuwa hakuna wa kumwambia "hii iache". Wenzake wakiwepo, kuna wa kumzuia na wa kumkagua.

Wengine watasema mali ya kanisa na mali ya Serikali hazichanganyiki. Mbona Nyakahanga ni hospitali teule kwa miaka yote hii, kanisa na Serikali wakihudumia mgonjwa mmoja? Kilichowezekana kwa kitanda kinawezekana kwa bisibisi.

Waheshimiwa madiwani wa Karagwe na Kyerwa, bajeti ijayo ikiletwa mtaona kifungu cha kununua vifaa tiba. Kabla ya kukipitisha, mwiteni fundi aingie ukumbini, mumuulize mbele ya Mganga Mkuu: vifaa vingapi vimesimama, vingapi amepata nafasi ya kuvifungua, na mara ya mwisho kukaa na fundi mwenzake ilikuwa lini. Akikosa majibu, hamishieni sehemu ya fedha hizo kwenye daftari, ghala na kikao cha mafundi, ndipo mzungumzie mashine mpya.