Msaidizi Wako wa Mtandaoni Haoni Bandani

Leo naweka pembeni magonjwa na chakula, tuzungumze kuhusu simu.

Hapa Kunduchi nazidi kukutana na wafugaji wa kuku wa mayai, na hata wauza samaki wa kule pwani, wenye msaidizi asiyeishi Dar. Mara nyingi ni mtoto wa ndugu aliyemaliza chuo, yuko nyumbani Singida au Iringa anasubiri ajira. Anashika WhatsApp ya biashara, anapokea oda, anaandika mauzo, anaita boda, na mwisho wa mwezi anatumiwa chake kwa simu. Mimi naunga mkono. Mwenye kuku 500 hawezi kuokota mayai, kuchanganya chakula na kujibu wateja kwa mkono mmoja.

Tatizo ni lawama ninayoisikia kila ninapopita mabandani: "Afisa, huyu mtoto hasikii." Najua nitawaudhi baadhi yenu, lakini nilichokiona mimi ni kwamba mtoto anasikia vizuri sana. Tunaotuma maagizo ndio hatusemi.

Mama mmoja wa Mtongani ameniruhusu nisimulie yake bila kumtaja. Alikuwa na mteja wa trei 40 kila wiki, mwenye tanuri la mikate. Siku moja mteja akaandika kwamba anataka mayai "8:00". Binti aliyeko Singida akampa boda maelekezo: "Peleka saa 8." Boda akafika saa nane mchana, kama ambavyo wewe na mimi tungefika. Mteja alikuwa ameyasubiri tangu saa mbili asubuhi, na alishanunua kwingine. Mayai yakarudi yameshapigwa jua, na mteja naye akaondoka moja kwa moja.

Mama alikuja kwangu akitaka kumfukuza binti. Nikaomba tusikilize alichomwagiza. Ilikuwa ni voisi ya dakika nne. Ndani yake kuna salamu za bibi, bei ya pumba, jogoo anawika, na katikati kabisa, kwa sekunde kama tano: "Na yule wa mikate umpelekee kama alivyosema." Basi. Binti alifanya hivyo hivyo, kama alivyosema.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba voisi ibaki ya salamu na ya kueleza jambo refu. Oda, saa, idadi na pesa viandikwe. Voisi huwezi kuitafuta wiki ijayo ukabishiwa, na msaidizi akiwa ndani ya daladala hawezi kuisikiliza. Na kwenye saa usiache namba peke yake. Simu zetu zinahesabu kuanzia usiku wa manane, midomo yetu inahesabu kuanzia jua kuchomoza, na baina ya hizo mbili kuna saa sita za kupotezea mteja. Andika "saa 2 asubuhi" na uweke "asubuhi" kila mara, hata ukiona ni wazi.

Nisijifanye msafi. Mimi mwenyewe niliwahi kutuma ujumbe usiku kwenye kundi la wafugaji wa kuku wa kienyeji: "Chanjo ya mdondo ni kesho, mtaa wa kwenu." Mfugaji mmoja anamwachia msaidizi wake aliye mbali asome makundi yote na kumkumbusha. Yule msaidizi bando lilikuwa limeisha. Akausoma asubuhi, akampigia bosi wake: "Chanjo ni kesho." Tulikuwa tumeshafungua chupa, na chupa moja ya chanjo ile ya tone jichoni inatosha kuku wengi kuliko alionao mfugaji mdogo, ndiyo maana tunakusanyana siku moja. Yeye alikuja siku iliyofuata na tenga lake akanikuta sina kitu. Nilimwomba radhi. Tangu siku hiyo "kesho" nimeifuta kwenye meseji zangu za kazi. Naandika siku na tarehe.

Sasa lipo jambo gumu zaidi, nalo ni adabu zetu. Ukimuuliza kijana uliyemzidi umri, "Umeelewa?", atajibu nini? "Sawa mama." "Sawa mzee." Hata kama hajaelewa atasema sawa, kwa sababu amelelewa kutomrudishia mkubwa maneno. Ukiwa naye uso kwa uso ungeona macho yanavyozunguka. Kwenye simu unaona "sawa" tu, unalala usingizi. Usiulize kama ameelewa. Mwambie, "Mwanangu, niandikie utakavyofanya." Akikuandikia, kosa utaliona pale pale kabla halijapanda bodaboda. Na akikuuliza swali, mjibu bila kufoka. Ukimfokea mara moja hatauliza tena.

Ujumbe wa oda naupenda hivi: "Trei 40, mteja wa mikate, si yule wa chipsi. Zifike Jumanne tarehe 6, saa 2 asubuhi. Boda ni yule wa kituoni. Malipo bado. Boda asiondoke bandani mpaka nikuandikie IMEINGIA."

Hilo neno la mwisho lina sababu. Meseji ya malipo inaingia kwenye simu yako, siyo ya msaidizi. Matapeli wanalijua hilo. Wanamtumia yeye picha ya muamala au meseji ya kutengeneza, naye kwa kuwa haoni salio anatoa mzigo. Wewe mwenye laini ndiye wa kuangalia salio na kuandika neno mlilokubaliana. Na tafadhali, usimpe namba ya siri eti akusaidie kuangalia, hata akiwa mtoto wa dada yako. Pakitokea upungufu hamtajua nani kakosea, na undugu utaharibika bure.

Namba za wateja nazo si za kusambaza. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023. Mwambie msaidizi tangu mwanzo kwamba orodha ya wateja haitoki.

Kuhusu muda wa kujibu, kubalianeni mapema, na bando umnunulie wewe. Kumtaka mtu awe hewani kuanzia alfajiri hadi saa tano usiku kwa bando la mfukoni mwake, halafu mshahara unachelewa wiki mbili, hiyo haihitaji afisa ugani kukueleza kwa nini hajibu haraka.

Yule mama wa Mtongani binti yake bado yupo kazini. Mteja wa mikate hajarudi, ila amepata mwingine wa trei 25, na juzi alinionyesha binti alivyomuuliza: "Mama, saa 1 ya asubuhi au ya jioni?" Alicheka, akamjibu.

Kwa wa kuku wa kienyeji: chanjo ya mdondo inarudiwa kila baada ya miezi mitatu, na zamu ya Mtongani ni Jumamosi tarehe 17, saa 1 asubuhi. Njoo na idadi ya kuku wako imeandikwa.