Risasi ya Mikumi, mkonge wa Kilosa

Wadau, petroli yenye risasi (sio ya bunduki jamani!) iliondoka kwetu kufikia 2006. Ila risasi haiozi. Iliyotoka kwenye ekzosti miaka yote ile inakaa kwenye udongo kando ya barabara, na lami ya Iringa inakatiza Hifadhi ya Mikumi kama kilomita 50. Swala wanakula nyasi palepale.

Jirani, Kilosa, kuna mkonge. Jani linatoa nyuzi kama asilimia 4 tu, mengine taka. Taka hizo zina selulosi: ukiifanya nano ukachanganya na oksidi ya chuma, inanasa risasi, unaivuta kwa sumaku. Kwenye maji poa. Udongoni ngumu, mara nyingi inaifunga tu isipande kwenye mmea. Kwangu hiyo ni tasnifu tosha kuliko kurudia mada za kaka zetu wa mwaka jana.