MAOMBI YA FRIEZA



Likizo hii nilimkuta kijana wangu sebuleni akitazama katuni za Kijapani, zile wanaziita anime. Nikaketi karibu naye nikiwa tayari kukemea. Nikajipata nimekemewa mimi.

Katuni yenyewe ni Dragon Ball, kazi ya marehemu Akira Toriyama. Vijana wa kanisa mnaijua. Wazazi wenzangu, nivumilieni nieleze kidogo.

Kuna mtawala mmoja mwovu aitwaye Frieza. Amezaliwa na nguvu nyingi mno, hata hajawahi kuona haja ya kufanya mazoezi. Katika sayari ya Namek anamuua rafiki ya Goku, na Goku anapandwa na hasira na nguvu ambazo Frieza hakuzitarajia. Frieza anashindwa. Anakatwa vipande na silaha aliyoirusha yeye mwenyewe. Akiwa amelala pale, anaomba aokolewe. Goku anamhurumia, anamgawia sehemu ya nguvu zake ili asife, kisha anampa mgongo aende zake. Frieza anazichukua nguvu zile zile alizohurumiwa nazo na kumshambulia aliyempa.

Sasa njoo kwenye filamu ya 2015, iitwayo Resurrection 'F'. Frieza amekufa, yuko jehanamu. Watumishi wake wanatafuta njia, wanamfufua. Fikiria neema hiyo! Lakini haulizi alikosea wapi. Hamu yake ni moja tu: Goku alipe. Kwa mara ya kwanza maishani anafanya mazoezi, miezi minne, na anarudi na mwili unaong'aa kama dhahabu. Bado anashindwa, kwa sababu alikimbilia vita kabla ya kuizoea nguvu yake mpya. Akiona mambo yamemharibikia, anailipua dunia nzima. Mwisho wake anarudi jehanamu kule kule alikotoka.

Kijana wangu akaniangalia akasema, "Baba, huyu angekuja kesha yetu angesema amina mpaka asubuhi."

Nilicheka. Usiku ule sikulala.

Mpendwa, tuseme ukweli. Ukishindwa, unaomba nini? Umefutwa kazi, unaomba aliyekufuta naye afutwe. Umeachwa, unaomba akuone kwa gari kubwa ajute. Biashara imeanguka, unamtafuta jirani aliyekuroga, na daftari la madeni hujalifungua. "Mungu, nirudishe kwa kishindo, walionicheka wanyamaze!" Mpendwa, hayo ni maombi ya Frieza. Unaomba dhahabu juu ya moyo ule ule.

Na sisi wachungaji ndio tunaowapikia chakula hiki. Tangazo la kesha likiandikwa "Toba", viti vinabaki. Likiandikwa "Adui Zako Wataona", watu wanasimama mpaka nje. Tumejua hivyo, na tumeendelea kuandika tangazo la pili.

Sinyooshei mtu kidole nikiwa nimesimama mbali. Miaka kadhaa iliyopita ndugu niliyemlea katika huduma aliondoka na karibu nusu ya washirika. Nilifunga siku 21. Niliwaambia ninafunga kwa ajili ya uamsho. Nilidanganya. Nilikuwa nikimwomba Mungu hema lake livunjike na langu lijae, ili akipita barabarani alione. Na kweli watu waliongezeka, tukajenga, tukanunua vipaza sauti vipya. Nikasimama madhabahuni nikashuhudia kwamba Mungu amenirudisha. Lakini kila Jumapili nilikuwa nahesabu viti vyake. Sikuwahi kujiuliza swali ambalo kushindwa kule kulikuja kuniuliza: kwa nini nusu ya watu walikuwa tayari kuniacha?

Mtu atasema, "Mchungaji, hata Daudi aliomba juu ya adui zake." Ni kweli. Soma Zaburi ya 109, maneno ni makali. Lakini soma pia 1 Samweli 24. Sauli aliyemwinda aliingia pangoni peke yake, na wanaume wa Daudi wakaona hiyo ndiyo siku. Daudi alikata upindo wa vazi, na hata kwa hilo moyo ukamchoma. Alimwachia Mungu hukumu kweli kweli. Wewe unasema umemwachia Mungu, lakini kila jioni unachungulia picha za mtu huyo kwenye simu kuona kama ameanguka.

Tena mwangalie Sauli mwenyewe, sura ya 15. Samweli anamwambia ufalme umeondolewa kwake. Sauli anakiri dhambi, halafu papo hapo anaomba aheshimiwe mbele ya wazee. Kushindwa hakukumuuma kama kuaibika. Hapo ndipo alipopotea, kabla hata mkuki haujatupwa.

Petro alianguka vibaya pia. Alimkana Bwana mara tatu, mbele ya watu, kando ya moto. Lakini alitoka nje akalia. Na Bwana alipomrudisha, katika Yohana 21, hakumwahidi kwamba waliomcheka wataaibika. Alimuuliza kama anampenda, kisha akampa kondoo wa kulisha. Petro alirudi akiwa na kazi ya kuwahudumia wengine. Hakurudi na kisasi.

Hata katika katuni ile kuna Vegeta, ambaye naye alikuja duniani kuiangamiza. Alishindwa, akaumia kwa kiburi miaka mingi, mpaka siku moja akakubali moyoni kwamba Goku amempita. Hakuacha mazoezi. Lakini katika filamu ile ile Frieza anapokuja, Vegeta amesimama upande wa kuilinda dunia. Wote wawili walishindwa na mtu mmoja. Mmoja alikubali kufunzwa, mwingine alitaka kulipwa.

Kwa hiyo nauliza tena: kushindwa kwako kumekufunza nini? Ukirudishiwa leo kazi, ndoa, au huduma, tutampokea mtu mpya, au ni yule yule aliyepakwa dhahabu?

Alhamisi nilimpigia simu ndugu yule. Mkono ulitetemeka, siwafichi. Nilimwomba msamaha kwa maombi niliyoomba juu yake na kwa mambo yaliyomfanya aondoke. Alinyamaza kwa muda mrefu, nikadhani amekata. Kisha akaniuliza, "Mchungaji, watoto wanaendelea aje?"

Leo usiandike Amina hapa chini. Kuna jina limekuja moyoni mwako ulipokuwa ukisoma. Mpigie. Kama simu ni ngumu, anza kwa kumwombea mema, kwa jina lake, na umaanishe.

Bwana atusaidie. Tuonane Jumapili, na kesha ya Ijumaa tumeibadilisha jina: ni ya Toba. Viti vitakuwepo.