Baada ya Joho

Siku ya mahafali tunapiga vigelegele, tunamvika mhitimu shada la maua na kuanza kumwita Daktari. Jumatatu yake mkuu wa idara anamkabidhi ratiba: kozi tatu, wanafunzi mamia, na rundo la mitihani ya kusahihisha. Tasnifu aliyoisotea miaka mitano inaingia kabatini, na swali lililokuwa ndiyo kwanza linachipua linanyauka humo. Nimeona hili likiwapata watafiti hodari, na bado linaniuma.

Kwingine miaka miwili au mitatu baada ya uzamivu ndiyo ya mwanasayansi kutoka kivulini kwa msimamizi wake na kushika swali lililo lake. Hiyo ni ajira yenye mkataba na mshahara, wala si masomo. Katika vyuo vyetu vingi mtu hutoka uhadhiri msaidizi akaingia uhadhiri moja kwa moja. Katikati hapana kitu. Ndiyo maana anayeomba ruhusa ya kwenda kuifanya kazi hiyo nje huzungushwa ofisi hadi ofisi, kwa kuwa ombi lake halifanani na likizo yoyote inayojulikana.

Hapa kwetu Afrika Mashariki ngazi hiyo imejengwa zaidi na taasisi za utafiti: Icipe ya Nairobi, aliyoiasisi Thomas Odhiambo mwaka 1970, kituo cha KEMRI na Wellcome kule Kilifi, na Taasisi ya Afya ya Ifakara, Tanzania. Mtaalamu wa mbu au wa malaria ana pa kubisha hodi. Mwanafizikia na mwanahisabati, mara nyingi, hawana budi kuvuka bahari.

Anayevuka ajue kwamba nafasi nyingi, hasa Marekani, hulipwa kutoka fedha za mradi wa profesa mmoja, na huyo ndiye mwenye kauli. Wapo wanaopata nafasi kabla haijatangazwa, kwa sababu waliandika mapema. Basi mwandikie profesa huyo, mwaka mzima kabla ya kutetea tasnifu yako. Ukurasa mmoja watosha: taja makala yake uliyoisoma kweli, onyesha palipobaki pengo, eleza unachoweza kupima wewe. Barua ile ile ikitumwa kwa maprofesa arobaini hujulikana kwa sentensi ya kwanza. Wadhamini wako nao wapewe muda. Barua ya usiku wa mwisho haimsaidii mtu.

Ufadhili wa baada ya uzamivu wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya, kwa anayekwenda kufanya kazi Ulaya, hauchagui uraia, na kwa kawaida dirisha lake hufungwa Septemba. Ombi huandikwa pamoja na mwenyeji, kwa hiyo anayeanza kumtafuta Agosti amechelewa. Tena lina sharti ambalo wengi hulijua wakiwa wamekwisha kuchoka: usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi unayoiombea zaidi ya miezi 12 ndani ya 36 iliyopita. Aliyemaliza uzamivu Ujerumani juzi hawezi kuomba kubaki Ujerumani, Uholanzi anaweza.

Lakini sikubali kwamba njia yote iishie uwanja wa ndege. Maandiko ya miradi tunayoyaandika vyuoni yana fungu la gari, la warsha na la posho. Namwomba mkuu wa idara anayeandaa bajeti mwezi huu aongeze fungu moja: mshahara wa mtafiti mmoja, kwa miaka miwili, asiyepangiwa darasa, mwenye meza yake maabara.