Paa la kanisa na maisha ya fundi: nani anawajibika?

Mapigano ya Januari 2025 yaliacha mapaa mengi ya Goma na matundu ya risasi na vipande vya bomu. Mwezi uliofuata kambi za wakimbizi wa ndani pembeni mwa mji zilivunjwa, na familia nyingi zilirudi Masisi na Rutshuru kujenga upya. Makanisa nayo yanatengeneza. Kupigilia mabati, au manjanja kama wengi wetu tunavyosema, ni kazi ambayo kijana asiye na ajira anaikubali haraka, hata kama hajawahi kupanda paa.

Paa la mita 4 halionekani kuwa juu sana. Lakini anayeanguka kutoka hapo anafika chini kabla sekunde moja haijaisha, kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 30 kwa saa, kama mtu aliyegongwa na pikipiki. Katika sehemu nyingi za Goma anaangukia mawe ya volkano. Akipona, anaweza kubaki na uti wa mgongo uliovunjika.

Sababu zinajulikana. Bati lenye umande au mvua linateleza, hasa kwa anayevaa kandambili. Bati lililoshika kutu, au lile la plastiki la kuingiza mwanga, linapasuka likikanyagwa katikati ya mbao. Upepo unamsukuma anayebeba bati zima. Ngazi ya miti imepigiliwa misumari michache, na eshafodaji haina miti ya kukingama ya kuishikilia.

Nyuma ya hayo kuna mapatano yenyewe. Fundi analipwa kwa kazi nzima, si kwa siku, kwa hiyo mvua ikikatika anapanda upesi ili asipoteze mkate wa watoto. Bei imehesabu mabati, misumari na mbao, usalama haumo. Akianguka, kanisa linakusanya sadaka ya hospitali, na baadaye familia inabaki peke yake.

Kanuni ya Kazi ya Kongo, sheria ya 16 Oktoba 2002, inampa mwajiri jukumu la kulinda afya na usalama wa mfanyakazi. Kamati ya ujenzi inayomwita fundi na kumlipa isifikiri kwamba usalama wake ni shauri lake mwenyewe. Maandiko nayo yameligusa jambo hili: Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwamuru anayejenga nyumba mpya azungushie paa ukuta mdogo, ili asiwe na hatia ya damu mtu akianguka. Mzigo umewekwa juu ya mwenye nyumba, na kabla ya ajali.

Kinga nyingi hazihitaji fedha nyingi. Kwanza, kazi inayoweza kufanyika chini ifanyike chini: kukata mabati, kuunganisha mbao. Ngazi iwe imara, ifungwe juu, ipite ukingo wa paa kwa mita 1. Kwa kila mita 4 za kimo, mguu wake ukae mita 1 kutoka ukutani. Eshafodaji iwe na mbao pana za kusimamia na kizuizi cha kimo cha mita 1 hivi. Juu ya paa, mafundi wapite kwenye mbao zilizolazwa, si kwenye bati tupu. Mkanda wa usalama unaoshika mabega na mapaja unafaa ukifungwa mahali imara. Kamba ya kiunoni peke yake inaweza kuumiza viungo vya ndani. Mvua au upepo mkali ukianza, wote washuke.

Na mtu akianguka, asiinuliwe kwa mikono na kupakiwa kwenye pikipiki. Kichwa, shingo na mgongo vibaki vimenyooka. Alazwe juu ya ubao mpana na kupelekwa hospitali kwa gari ikiwezekana.

Kabla ya kununua bati la kwanza, baraza la kanisa liulize maswali matatu: fedha za ngazi na eshafodaji ziko wapi? Fundi atalipwa nini siku ya mvua? Nani ana mamlaka ya kusimamisha kazi? Majibu yaandikwe katika mapatano na kusomwa mbele ya washirika, pamoja na hesabu ya matoleo. Sadaka tunayoikusanya baada ya mtu kuanguka inaweza kukusanywa kabla hajapanda.