Mwanafunzi wa Sheria na Aanzie Nyumbani

Binti wa jirani yangu hapa Isiolo alinijia juzi jioni akiwa na barua mkononi. Amekubaliwa chuo kikuu kusomea sheria. Baada ya kumpongeza na kumwombea heri, aliniuliza swali moja ambalo limeninyima usingizi: "Mwalimu, nisome nini kabla sijaondoka?" Nilimwomba anipe muda nifikirie. Jibu nililompa nimeona heri niliandike hapa, kwani haliwahusu yeye peke yake, bali linawahusu pia wazazi wanaouza ng'ombe ili kulipa karo, wanaotoa basari, na walimu watakaompokea huko aendako.

Hapana shaka kwamba kila kijana wa kaskazini anayeingia katika elimu ya sheria ni fahari yetu sote. Elimu hii ilichelewa kumfikia Mwafrika. Chiedo Argwings-Kodhek, anayehesabiwa kuwa wakili wa kwanza Mwafrika nchini Kenya, ilimbidi aifuate Uingereza. Kitivo cha kwanza cha sheria katika Afrika Mashariki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, na kile cha Nairobi kikafuata mwaka 1970. Ikiwa mambo yalikuwa hivyo kwa nchi nzima, basi Isiolo tulikuwa nyuma ya mkia. Sheria ya mkoloni ya mwaka 1934 kuhusu wilaya maalumu ilimpa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru mtu mahali pa kuishi na njia ya kupita. Kizuizi cha barabarani kiliwekwa hapa mjini petu, na hata baada ya uhuru msafiri wa kwenda kusini aliendelea kusema kwamba anakwenda Kenya. Sisi tuliijua sheria kama mfugwa anavyoijua kamba: kwa kufungwa nayo.

Sasa hebu tutazame atakachofundishwa binti huyu katika mwaka wake wa kwanza. Ataambiwa habari za mwanamke wa Uskochi aliyekunywa soda na kukuta mabaki ya konokono ndani ya chupa, kesi iliyoamuliwa mwaka 1932. Ataambiwa pia habari za kampuni ya London iliyoahidi pauni 100 kwa yeyote atakayeugua mafua baada ya kutumia dawa yake, kisha ikasitasita kulipa, mwaka 1892. Sizidharau kesi hizi. Ile ya konokono ilimfundisha mwenye kiwanda kwamba anawajibika hata kwa mtu asiyemjua, na hilo ni funzo lenye manufaa popote. Ninachouliza ni hiki: je, ni sawa mtoto wa Isiolo aijue chupa ya Uskochi kabla hajaijua sheria iliyofungua, au iliyofunga, mlango wa nyumba yao?

Ndiyo maana kitu cha kwanza nilichomwambia asome ni Sheria ya Kinga ya mwaka 1970. Ni sheria fupi mno. Ilizuia watu kufungua kesi dhidi ya maafisa wa serikali na majeshi kwa matendo yao ya wakati wa vita vya Shifta, kuanzia tarehe 25 Desemba 1963 hadi tarehe 1 Desemba 1967, katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki na wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Katika miaka hiyo watu wetu walikusanywa katika vijiji vya kulindwa kama vile vya Garba Tulla na Merti, na mifugo ikaangamia. Waborana waliupa wakati huo jina la Gaaf Daaba, yaani wakati wa kusimamishwa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipotoa ripoti yake mwaka 2013 ilipendekeza sheria hiyo ifutwe. Lakini fikiri, ndugu msomaji, ni wazee wangapi waliopoteza kila kitu ambao hawakupata kujua kwamba mistari michache iliyoandikwa kwa Kiingereza jijini Nairobi ilikuwa imekwisha kuwafungia njia ya mahakama. Mtu hawezi kupinga asichokielewa.

Hapo ndipo lilipo jambo langu. Mwanafunzi wa sheria asiyeweza kumweleza bibi yake, kwa lugha anayoielewa bibi huyo, sheria inasema nini, bado hajaanza kusoma. Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Inaagiza mtu anayekamatwa aelezwe sababu katika lugha anayoielewa, na mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi apewe mkalimani bila malipo. Tena, sheria ya mwaka 2012 kuhusu Chuo cha Sheria cha Kenya, ilipotaja alama za mtihani wa kidato cha nne, ilitaja alama ya B katika Kiingereza au Kiswahili. Ajabu ni kwamba Kiswahili kikishatumiwa kubisha hodi huachwa mlangoni, na ndani hufundishwa Kiingereza. Wenzetu wa Tanzania walibadilisha sheria yao mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Sisi tunangoja nini?

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha kwa fani hii. Hilo si kweli. Dhamana, rufaa, kiapo, wakfu, mirathi na hukumu ni maneno yaliyokuwa yakitumiwa mbele ya makadhi wa pwani kabla Mwingereza hajafungua mahakama yake ya kwanza huku. Yanayopungua yatapatikana yakitafutwa.

Wala hili si suala la fahari ya lugha tu. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inaitaka jamii ikutane, ichague kamati ya watu 7 hadi 15, na isajili ardhi yake. Uamuzi wa kuitoa ardhi hiyo unahitaji kuungwa mkono na thuluthi mbili ya watu wazima waliosajiliwa. Isiolo imo katika njia ya mradi mkubwa wa LAPSSET uliozinduliwa Lamu mwaka 2012, na ardhi tuliyoiona kuwa malisho wengine wanaiona kwa jicho jingine. Jarsa dheda, wazee wanaosimamia malisho ya Waborana, wanajua kila kisima na kila msimu. Lakini nani atawaeleza maana ya thuluthi mbili kabla karatasi haijaletwa watie kidole gumba?

Hata hivyo, kuanzia nyumbani si kusujudia kila la nyumbani. Azimio la Modogashe la mwaka 2001, lililotafuta amani kati ya wafugaji wa wilaya za kaskazini, Isiolo ikiwemo, liliweka fidia ya ng'ombe au ngamia 100 kwa mwanamume aliyeuawa, na 50 kwa mwanamke. Azimio hilo lilisaidia kutuliza damu, nasi tuliwashukuru wazee. Lakini Katiba inasema mwanamke na mwanamume ni sawa. Binti huyu, anayekwenda kusoma sheria, ana haki ya kurudi na kuuliza kwa adabu kwa nini uhai wake uhesabiwe nusu. Na swali hilo litasikika tu likiulizwa na mtu aliyewasikiliza wazee kwanza, kwa lugha yao.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Vitivo vya sheria viweke somo la Kiswahili cha sheria tangu mwaka wa kwanza. Wanaotoa basari kwa fedha za umma wamtake mwanafunzi wa sheria arudi kila likizo ndefu, akae katika mabenchi ya mahakama ya Isiolo na katika baraza za wazee, awaeleze watu alichojifunza. Na wazazi wasimwulize mtoto wao atanunua gari lini, bali wamwulize leo amejifunza sheria gani inayotuhusu.

Binti aliponirudia nilimpa daftari tupu. Nilimwomba kila wiki aandike humo kifungu kimoja cha sheria kwa Kiswahili ambacho mama yake, anayeuza maziwa sokoni, ataweza kukielewa. Alicheka, akasema kazi hiyo ni ngumu kuliko mtihani. Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe.